Mimi Yaya wa Nani?

Dada yangu anauza vitenge Kariakoo, na nusu ya wateja wake ni Wakongo. Wanakuja na basi kupitia Tunduma, wanalala gesti za mtaa wa nyuma siku tatu nne, wanafunga marobota yao, wanaondoka. Ni wateja wazuri. Wanalipa taslimu, na wakishalizoea duka hawahami. Kwa hiyo siku ile mwanamke mmoja wa Lubumbashi alipoingia, akainamisha kichwa kidogo na kusema, "Yaya, jambo yako," mimi niliyekuwa nimekaa kwenye kigoda na soda yangu nilijua biashara imeanza.

Haikuanza. Dada aliweka mkasi mezani.

"Yaya? Mimi yaya wa nani?"

Yule mgeni hakuelewa kosa lake liko wapi. Akadhani labda hakusikika, akarudia "yaya" kwa upole zaidi, na upole ule ndio uliomchoma dada hasa. Duka ni lake, mtaji ni wake, ana watoto watatu na mjukuu mmoja, halafu anatokea mtu asiyemjua anamwita mlea watoto wa watu mbele ya wateja. Aliyetuokoa ni kijana wa mkokoteni, ambaye kwa kuwabebea Wakongo mizigo miaka yote ameokota Kiswahili chao. "Mama, kwao yaya ni dada mkubwa," akasema. "Amekupa heshima." Mgeni akadakia haraka, "Ndiyo, kwetu yaya njo mukubwa!" Tukacheka wote, ingawa kicheko cha dada kilichelewa kidogo kufika.

Vitenge vilinunuliwa. Lakini mimi nilirudi nyumbani na kitu kinanitekenya kichwani. Kwa dada kuna binti anayemsaidia kazi, mpole, wa Singida, na mle ndani kila mtu, kuanzia shemeji hadi watoto, humwita "dada". Si jina lake, wala si ndugu yao. Ni dada wa kazi, na neno "kazi" likadondoka njiani. Hebu angalia: Dar es Salaam, msichana wa kazi anaitwa dada. Lubumbashi, dada anaitwa yaya. Na yaya, kwa Kiswahili tulichofundishwa shuleni, ni msichana wa kazi. Maneno mawili yameamka usiku yakabadilishana vitanda.

Si mara ya kwanza maneno haya kunichezea. Nimekulia Tanga, Ngamiani, na kona ya mtaa wetu kulikuwa na duka la familia ya Kigujarati. Nikitumwa sukari na mafuta ya taa nilikuwa nakawia makusudi, maana binti yao alikuwa rika langu na tulikuwa tunacheza rede uani kwao. Siku moja alisimama mlangoni akapaza sauti, "Dada! Dada!" Nikageuka nimwone huyo dada yake. Akatoka babu. Mzee mwenye koti na mkongojo, ndevu nyeupe, anachechemea. Nilikimbia nyumbani nikamwambia mama, "Yule babu wa dukani ni dada." Mama alinitazama kama anayetafuta dalili za malaria.

Haikuishia hapo. Wiki nyingine rafiki yangu aliniambia kwa furaha kwamba kesho yake mama anakuja kutoka Mombasa. Mimi nilikuwa namjua mama yake, nilimwona kila siku nyuma ya mzani. Kesho yake ikasimama teksi, akashuka mwanamume mwenye masharubu mazito na mabegi mawili, na watoto wote wakamrukia, "Mama! Mama!" Kwa Kigujarati dada ni babu mzaa baba, mama ni mjomba, na kaka ni baba mdogo au baba mkubwa. Yaani maneno matatu ambayo kwetu yanajaza nyumba nzima, kule wote ni wanaume. Nilikuwa na miaka saba au minane na niliona kabisa kwamba wale watu wameyapanga maneno kichwa chini miguu juu.

Leo sicheki sana kuhusu yule mjomba anayeitwa mama. Wazulu nao humwita mjomba "malume", na ndani ya neno hilo kuna "ma" wa mama na "lume" wa mwanamume: mama wa kiume. Kwa hiyo Mgujarati na Mzulu wamefika mahali pamoja bila kupeana barua. Dunia imejaa mambo ya namna hii. Georgia, nchi ya milima ya Kaukasia, mama ni baba mzazi, na mama mzazi ni "deda". Baba kwa Waturuki na Wachina ni baba kama wetu, na kwa Wayoruba vilevile. Lakini Mrusi akisema baba anamsema mwanamke wa kijijini au bibi kizee, na Mjapani naye akisema baba anamsema bibi kizee, tena kwa kumdharau. Dada wa Mbengali ni kaka mkubwa. Ndiyo maana mashabiki wa kriketi wa India humwita Sourav Ganguly, Mbengali aliyewahi kuwa nahodha wao, "Dada", na hakuna anayemcheka.

Wataalamu wa lugha waliliona hili zamani. Mwaka 1959 mwanaanthropolojia wa Kimarekani, George Peter Murdock, alikusanya maneno zaidi ya 1,000 ya kumwita mama na baba kutoka jamii za kila pembe ya dunia, akakuta sauti zilezile zinajirudia hata kwa watu wasio na undugu wowote wa lugha. Baada yake Roman Jakobson, mwanaisimu mzaliwa wa Moscow, akaeleza sababu. Mtoto mchanga hana maneno. Ana midomo, ulimi na pumzi. Akifungua mdomo wazi kinatoka "a". Akigonganisha midomo inatoka "ba", akigusisha ulimi kwenye ufizi wa juu inatoka "da". Akiwa ananyonya, mdomo umejaa na pumzi inapita puani, inatoka "mmm", na mlio huo ukigeuka kuwa wa kuomba titi, mama anausikia kama jina lake. Mtoto anajirudiarudia kwa sababu kinywa chake hakijajua kufanya jambo la pili. Sisi wakubwa ndio tunaoinama juu yake na kusema: ameniita!

Hapo ndipo penye siri, kwa maoni yangu. Mtoto anatoa sauti bure, na anayeiokota ni yule aliyekuwa karibu. Nyumba ambayo dada mkubwa ndiye anayembeba mtoto mgongoni mama akiwa shambani, "dada" inaenda kwa dada. Nyumba ambayo babu amestaafu na anashinda barazani, inaenda kwa babu. Ukitaka kujua nani alikuwa anamshika mtoto katika jamii fulani, sikiliza nani amepewa silabi iliyojirudia.

Kaka ni mfano ninaoupenda, pamoja na matatizo yake. Matatizo yenyewe ni haya: kuanzia Hispania hadi Hungaria, kaka ni neno la kitoto la choo kikubwa, na Ufaransa na Italia hazijapona. Niliwahi kufanya kazi na vijana wa kujitolea kutoka Ulaya, na siku ya kwanza nilipowatambulisha kwa mlinzi wetu na kuwaambia wamwite "kaka", mmoja wao kutoka Hispania aliomba radhi akatoka nje. Aliporudi macho yalikuwa mekundu kwa kicheko. Kwa Wabulgaria lakini, kaka ni dada mkubwa. Kwa Wakurdi ni kaka mkubwa kama kwetu. Kwa Wahausa ni babu au bibi. Kwa Kilingala ni "tu": moko kaka, moja tu. Kwa Wamaori ni kasuku wa msituni. Kwa Kisanskriti, lugha ya kale ya India, ni kunguru, na hapo nadhani kunguru mwenyewe alijitaja.

Na kuna Kaká wa Brazil, aliyechukua Ballon d'Or mwaka 2007. Jina lake ni Ricardo. Mdogo wake, Rodrigo, alipokuwa anajifunza kusema hakuweza kulitamka jina hilo refu, akawa anamwita Kaká. Nilipoisoma habari hiyo niliweka simu chini. Mtoto wa Brazil, ambaye hajawahi kukisikia Kiswahili hata siku moja, alimtazama kaka yake akamwita kaka.

Yaya ni jambo jingine, na hapa inabidi nijirekebishe mwenyewe, kwa sababu si kila sauti ya kitoto imezaliwa pale ilipo. Yaya wetu amesafiri. Wareno walikuwa na "aia", mwanamke wa kulea watoto wa wakubwa. Walimpeleka India, akawa "aya" katika nyumba za Waingereza na za matajiri wa huko, na Bahari ya Hindi ikamleta kwetu. Wahispania nao, jirani na ndugu wa Wareno, walimpeleka "aya" wao Ufilipino, na ndiyo maana mlezi wa watoto Manila anaitwa yaya kama Dar es Salaam. Huu ni undugu wa kweli, wa damu. Nyuma ya "aia" kuna neno la Kilatini, "avia", lenye maana ya bibi, mama wa mzazi. Kwa hiyo alianza akiwa bibi wa nyumba, akaishia kulipwa mshahara wa mwezi.

Halafu uende Ugiriki ukute bibi anaitwa "yaya" hadi leo, na hakutoka kwa Wareno. Uende kwa Wahausa, yaya ni ndugu mkubwa kama Lubumbashi, na pia ni "vipi?" ukimsalimia mtu. Ufike Istanbul ukute kibao barabarani kimeandikwa Yaya Geçidi. Ni kivuko cha watembea kwa miguu. Dada yangu nilipomwambia hilo alisema bora hiyo.

Lakini ninalotaka kusimulia hasa ni la wale jamaa wa Zurich, kwa sababu wao walijaribu kufanya hesabu hii ya maneno mapema kuliko mimi, wakamsahau dada.

Februari 1916, Ulaya inaungua kwa vita, kundi la wasanii waliokimbilia Uswisi lilifungua ukumbi mdogo wa starehe mtaa wa Spiegelgasse, wakauita Cabaret Voltaire. Walipiga ngoma, walivaa vinyago vya makaratasi, walisoma mashairi matatu kwa wakati mmoja. Mwezi Aprili walikuwa wanatafuta jina la jarida lao, likapatikana Dada, likawa jina la kundi zima na sanaa yao. Hugo Ball, Mjerumani aliyekuwa mmoja wa waanzilishi, aliandika kwenye shajara yake sababu za kulipenda: kwa Kiromania ni "ndiyo, ndiyo", kwa Kifaransa ni farasi wa kuchezea watoto. Miaka miwili baadaye Tristan Tzara, Mromania wa kundi hilo, akaongeza orodha. Ni yaya, akasema, na kwa Warusi pia, kama kwa Waromania, ni "ndiyo, ndiyo". Mahali fulani Italia ni mama. Na kwa Wakru wa Afrika Magharibi ni mkia wa ng'ombe mtakatifu. Tzara alikuwa mtu wa kejeli, huo mkia usiutundike ukutani.

Sasa, Afrika walikuwa nayo midomoni kila usiku. Mwenzao Richard Huelsenbeck alikuwa anasoma mashairi aliyodai ni ya Kiafrika, ya kujitungia mwenyewe, na kila beti likiisha alipiga kelele "umba, umba!" Mwenye nyumba, mzee wa Kiholanzi aliyewahi kuwa baharia, hakuridhika, akamletea maneno ya Kiafrika ya kweli. Huelsenbeck aliyapokea, akayasoma, lakini mwishoni akabandika "umba" wake palepale. Kwake ilikuwa kelele tu, sauti ya ngoma. Nami huwaza: ukumbi ule umejaa moshi, wanafunzi wamelewa, kijana wa Kijerumani anapiga meza na kuwaamrisha, kwa Kiswahili kisicho na kosa hata moja, umba! umba! Na wao wakiwa hawajui kwamba wameambiwa kazi ya Mungu.

Ingekuwa rahisi sana kujua. Walikuwa wanazungumza Kijerumani, na Wajerumani walikuwa wakitufundisha lugha yetu sisi wenyewe kwa vitabu. Berlin kulikuwa na chuo cha lugha za mashariki tangu mwaka 1887, kikiwafundisha Kiswahili maofisa waliokuwa wanaletwa huku. Ball alisoma tamko la kwanza la Dada mbele ya watu Julai 1916. Mwezi huohuo, Julai 1916, Waingereza waliingia Tanga, mjini kwetu, na Wajerumani wakarudi nyuma. Ndani ya nyumba za Ngamiani wadogo walikuwa wanawaita dada zao kama ninavyomwita wangu. Maana moja ya neno lao ilikuwa imekaa ndani ya koloni lao wenyewe, wakaenda kuitafuta kwenye mkia wa ng'ombe.

Sina chuki nao. Walilipenda neno kwa sababu halikuwa na maana moja, na hilo nawakubalia. Ila Ball alisema pia kwamba kwa Wajerumani neno hilo linanuka upumbavu na kigari cha kusukumia mtoto. Tena mtoto!

Nimechelewa kufika kwenye maana ya dada isiyochekesha, na nimechelewa makusudi.

Kiajemi pia kina dada. Kamusi za Kiajemi zinasema ni mtumishi wa kike, mlezi. Kina kaka vilevile: ni ndugu wa kiume, hadi leo watu wa Shiraz huitana hivyo mitaani, na pia ni mtumishi wa kiume aliyekulia ndani ya nyumba. Katika nyumba za matajiri wa Iran ya karne ya 19, mwanamke Mwafrika aliyenunuliwa ili alee watoto aliitwa "dada siyah", dada mweusi. Mwanamume aliitwa "kaka siyah". Wengi wao walitoka pwani yetu na bara yake. Walipitishwa Zanzibar, wakapelekwa Maskati na Sur za Omani, wakavushwa hadi Bushehr, bandari ya Iran. Mwaka 1848 Shah Mohammad alipiga marufuku kuwaingiza kwa njia ya bahari, lakini utumwa wenyewe haukufutwa kisheria Iran hadi mwaka 1929.

Wapo wanaosema kaka na dada zetu zilitoka Uajemi, pamoja na hadithi zote za Washirazi. Mimi sina haraka hiyo; nimeshaonyesha kwamba mtoto yeyote, popote, anaweza kuyatengeneza maneno hayo kabla ya kuota meno. Kinachonikaa rohoni ni kitu kingine. Namfikiria msichana wa miaka kumi na miwili, ameibwa, amevuka bahari, haelewi neno hata moja katika nyumba ile ya ugenini. Maji anaitiwa kwa neno asilolijua, mkate vilevile. Halafu mtoto wa bwana anamnyooshea mikono na kusema: dada. Neno la kwanza analolielewa. Neno ambalo mdogo wake mwenyewe alikuwa anamwita.

Na aligeuka, bila shaka aligeuka. Nani asingegeuka?

Nilimsimulia dada habari hii jioni moja nyumbani kwake, nikidhani atasema kitu. Alinyamaza muda mrefu, akikunja nguo za mjukuu. Kisha akasema watu wa Kongo wamerudi wiki ile, yule mama kamletea dagaa wa Ziwa Mweru, na kwamba sasa akiitwa yaya anaitika. "Si nimeshajua," akasema, kama mtu anayejitetea.

Mjukuu mwenyewe alikuwa chini kwenye mkeka, miezi kumi, amelishika kopo la mafuta kwa mikono miwili, anampigia paka kelele: da-da-da-da-da. Mama yake mdogo akapiga makofi, "Ananiita mimi!" Dada akasema si kweli, mtoto anamwita bibi yake, hajaweza tu. Paka akaondoka. Mtoto akaendelea, da-da, da-da, akitazama pale paka alipokuwa.

Jikoni, katikati ya mlio wa sufuria, binti wa Singida akaitika.

"Abee!"